Jibu la Damu

Mwanadamu hupenda jibu fupi. Akiuliza njia, ataka kuambiwa kulia au kushoto. Akiuliza bei, ataka kuambiwa ni shilingi ngapi. Na akiuliza juu ya afya yake, ataka kuambiwa mgonjwa au mzima. Jibu refu humchosha, na jibu lisilo ndiyo wala la humtesa. Lakini dunia haikuumbwa kwa kumpendeza muulizaji. Yako mambo ambayo ukiyauliza kwa haki na kwa bidii hukujibu kwa nusu sauti, na kazi ya mwenye akili huwa ni kuisikiliza nusu sauti ile kama ilivyo, asiigeuze kuwa kelele wala asiifanye kuwa kimya. Mimi nilifundishwa jambo hili na karatasi moja ya maabara. Nakuandikia wewe, msomaji kijana, kwa sababu yamkini siku moja utapewa karatasi kama ile, na pengine hapatakuwa na mtu wa kuketi nawe na kukueleza maana yake.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nilisomea kazi hii katika chuo cha ualimu kisicho mbali na Thika, na sasa umri wangu umepita miaka thelathini. Nakaa Kahawa Sukari, mtaa ulio kando ya barabara kuu ya Thika, upande wa Ruiru katika kaunti ya Kiambu. Wageni hulicheka jina la mtaa wetu, wakauliza maziwa yako wapi. Lakini jina halikuja bure: sehemu hizi zilikuwa nchi ya mashamba ya kahawa, na hata leo, ingawa nyumba za mawe zimechukua mahali pa mibuni, hukosi kumkuta mzee aliyepata kuchuma au kuchambua buni katika ujana wake.

Mwanzoni mwa mwaka 2024 nilikuwa katika maandalio ya arusi. Mchumba wangu ni fundi wa umeme, mtu wa maneno machache na mikono mizuri. Wazee waliotusimamia walitushauri tupime damu kabla ya kuoana, hasa kwa ajili ya virusi vya UKIMWI, nasi tuliona shauri lao ni jema. Tulikwenda pamoja katika kliniki moja ya mtu binafsi. Mhudumu alituambia kwamba kwa fedha kidogo zaidi tungeweza kupimwa magonjwa mengi kwa mara moja. Tukakubali. Nani asiyependa nyongeza? Hatukuuliza nyongeza ile ni ya nini, wala itatufaa kwa lipi. Hilo lilikuwa kosa letu la kwanza, nami naliandika waziwazi ili lisiwe lako.

Siku ya Jumanne nilipita peke yangu baada ya kazi kuchukua majibu yangu. Mistari yote ya karatasi ilikuwa hasi, isipokuwa mmoja. Mstari ule ulihusu virusi vya malengelenge vya aina ya pili, vile viletavyo malengelenge ya sehemu za siri. Mbele yake paliandikwa neno "chanya", na mbele ya neno hilo nambari 1.6. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, palielezwa kwamba chini ya 0.9 ni hasi, juu ya 1.1 ni chanya, na kati ya hizo mbili ni shaka. Nilimwuliza aliyenipa karatasi maana ya nambari ile. Akasema, "Unao ugonjwa huu, na hauponi." Kisha akamwita mtu mwingine.

Kutoka kliniki ile mpaka nyumbani kwangu ni mwendo wa dakika kumi na tano. Katika kona ya kwanza nilikumbuka uchumba wangu wa zamani, uliovunjika miaka saba kabla, nikamlaani mtu ambaye sikuwa na ushahidi wowote juu yake. Katika kona ya pili nilimshuku mchumba wangu wa sasa. Nilipofika mlangoni nilijishuku mwenyewe, nikajiona kuwa mtu mchafu ambaye hakustahili kushika mkono wa mtoto wa darasa la tatu. Hivyo, kwa dakika kumi na tano, karatasi moja iliwahukumu watu watatu, na hapana hata mmoja aliyepewa nafasi ya kusema.

Jioni ile mchumba wangu alinipigia simu. Aliniambia kwa furaha kwamba majibu yake yote ni hasi, akaniuliza juu ya yangu. Karatasi ilikuwa mezani mbele yangu, ndani ya kitabu cha maandalio ya masomo. Nikamwambia kwamba majibu yangu hayajawa tayari.

Msomaji, wahenga walisema kwamba njia ya mwongo ni fupi. Mimi naongeza kwamba, fupi ilivyo, huchosha kuliko safari ndefu. Siku mbili zilizofuata nilikula bila kuonja na kufundisha bila kujisikia.

Siku ya Alhamisi nilikuwa na mitihani ya kusahihisha. Kwa somo la hesabu nilikuwa nimeweka mstari katika alama 50: mtoto aliye chini yake hubaki baada ya masomo kwa mazoezi zaidi, na aliye juu yake huenda kucheza. Mvulana mmoja alipata 49. Nilimhurumia, nikairudia karatasi yake. Nikaona kwamba katika hesabu moja nilisoma 7 yake kama 1, na alama zake za haki zilikuwa 52. Moyo wangu ukashtuka. Nikazirudia karatasi zote. Wale waliopata 90 hawakushuka kiasi cha kujali; wale waliopata 20 hawakupanda kiasi cha kujali. Lakini miongoni mwa walio kati ya 45 na 55, watatu walivuka mstari: wawili kwenda juu na mmoja kwenda chini. Msahihishaji alikuwa ni yule yule, na kalamu ilikuwa ile ile. Walio mbali na mstari kosa dogo halikuwadhuru. Walio karibu nao, kosa dogo liliwageuzia jina lao lote.

Nikaweka kalamu chini, nikaitazama tena karatasi yangu mwenyewe. Mstari 1.1. Mimi 1.6. Hapo ndipo swali la maana lilipokuja: Je, nambari hii iko mbali na mstari, au iko karibu? Nilitambua kwamba sijui, na kwamba kwa siku mbili nilikuwa nimelia juu ya jambo nisilolijua.

Siku ya pili yake, Ijumaa, nilikwenda kumwona muuguzi mmoja niliyemfahamu, mama wa makamo anayefanya kazi katika zahanati ya serikali. Kuuliza si ujinga, lakini kuna maswali ambayo huhitaji ujasiri kuliko majibu yake. Nilimpa karatasi bila ya kusema neno.

"Mwalimu," akasema baada ya kuisoma, "umepata kuwa na malengelenge au vidonda mahali hapo?"

"Sijapata, Sista."

"Na kabla ya kupimwa, kulikuwa na jambo lililokutia wasiwasi juu ya ugonjwa huu?"

"Hapakuwa na jambo. Tulipima kwa sababu kipimo kilikuwemo katika orodha."

"Basi karatasi hii isikuambie zaidi ya inavyojua," akasema. "Keti."

Nitakupa hapa yale aliyonieleza, pamoja na yale niliyoyasoma mwenyewe baadaye, kwa maana alinihimiza nisome.

Virusi vya malengelenge ni ndugu wawili. Wa kwanza hupenda kukaa mdomoni, ingawa huweza kuambukiza hata sehemu za siri, na watu wengi humpata utotoni kwa mate ya wale wanaowapenda. Wa pili huambukizwa hasa kwa kujamiiana. Wote wawili, wakiisha kuingia mwilini, hujificha katika mishipa ya fahamu, na hapo hukaa maisha yote. Mara kwa mara huamka na kutoa malengelenge. Mara nyingi hulala kimya. Watu wengi walio nao hawajapata kuona dalili, au waliona kidonda kidogo wakadhani ni mkwaruzo. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba watu bilioni 3.8 walio chini ya umri wa miaka 50 wana aina ya kwanza, na kwamba watu wapatao milioni 520 wa umri wa miaka 15 hadi 49 wana aina ya pili. Katika nchi yetu, uchunguzi mkubwa wa afya wa mwaka 2007 ulikuta kwamba watu 35 katika kila 100, wa umri wa miaka 15 hadi 64, walikuwa na dalili za aina ya pili katika damu: wanawake 42 katika 100, na wanaume 26 katika 100. Idadi hii si idadi ya watu waovu. Ni idadi ya watu tu, wakiwamo wake na waume waaminifu ambao hawakujua kamwe.

Sasa, msomaji, fahamu kwamba kipimo cha damu hakivioni virusi vyenyewe. Huona nyayo zao. Mwili ukivamiwa hutengeneza kingamwili, yaani askari wadogo wa kumkamata adui fulani, na askari hao hubaki katika damu. Katika maabara, maji ya damu hutiwa mahali palipopakwa protini ya virusi. Kingamwili zikiinasa protini ile, rangi hutokea baada ya dawa kutiwa. Mashine huipima rangi, ikailinganisha na rangi ya damu ya mfano iliyowekwa kuwa kiwango. Kutokana na ulinganifu huo hupatikana nambari. Basi 1.6 yangu haikuwa kipimo cha ukali wa ugonjwa, wala haikuwa kipimo cha mwenendo wangu. Ilikuwa kipimo cha rangi.

Rangi ile huweza kudanganya kwa njia mbili kubwa. Kwanza, huweza kukosekana mahali ilipopasa kuwepo: aliyeambukizwa karibuni huenda asiwe na kingamwili za kutosha kwa majuma kadhaa, hata kufikia miezi mitatu au zaidi, na kwa muda huo kipimo humwita mzima. Pili, huweza kuonekana kidogo mahali isipopasa kuwepo: kingamwili zilizofanywa kwa ajili ya ndugu wa kwanza, au kwa jambo jingine kabisa, huweza kushikilia kidogo mahali pa ndugu wa pili. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini si kila wingu huleta mvua, na wingu jembamba kuliko yote ndilo lisiloaminika.

Mzee mmoja wa mtaani kwetu aliyefanya kazi ya kuchambua kahawa alipata kunieleza namna buni zinavyopangwa kwa machekeche ya matundu ya kadiri mbalimbali. Buni kubwa husalia juu, ndogo huanguka, na hilo halina ubishi. Lakini buni iliyo sawasawa na tundu, alisema, leo itaanguka na kesho itasalia, kwa kadiri ya ilivyogeuka. Hakujua kwamba alikuwa akinieleza habari ya damu yangu.

Wenye elimu wamelijua jambo hili kwa miaka mingi, na sehemu ya ujuzi wao ilitoka hapa kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti uliofanywa kwa damu za vijana wa kiume wa Kisumu. Watafiti walivilinganisha vipimo viwili vya rangi vya namna hii na kipimo kigumu zaidi cha uthibitisho. Waliona kwamba vipimo vile huwakamata wengi sana wenye virusi, walakini huwaita wenye virusi watu wasio wachache ambao hawana. Na mstari ulipopandishwa juu zaidi ya ule wa watengenezaji, makosa yale yalipungua. Utafiti wa Rakai, Uganda, uliochapishwa mwaka 2008, nao ulionyesha kwamba kuupandisha mstari huyafanya majibu kuwa bora. Huko Marekani, Vituo vya Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa vilieleza katika mwongozo wao wa mwaka 2021 kwamba jibu chanya la kipimo cha namna hii, likiwa chini ya 3, lithibitishwe kwanza kwa kipimo cha njia nyingine kabla ya kutegemewa. Mwezi wa Novemba 2023 mamlaka ya Marekani inayosimamia dawa na vipimo iliwakumbusha waganga na wafanyakazi wa maabara kwamba vipimo hivi huweza kutoa jibu chanya la uongo. Nambari yangu, basi, ilikuwa karibu na mstari. Hapana aliyenieleza hivyo siku ya Jumanne.

Liko jambo la pili, nalo ni la hesabu. Chukua kalamu tufanye pamoja. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba kipimo fulani hukamata watu 96 katika kila 100 wenye virusi, na katika kila watu 100 wasio navyo, huwasingizia 10. Kipime katika kijiji cha watu 1,000 ambamo 350 wana virusi. Kitawakamata 336 kwa haki. Katika wale 650 waliobaki, kitawasingizia 65. Jumla ya majibu chanya ni 401, na ya kweli ni 336: zaidi ya wanane katika kila kumi. Sasa kipeleke kipimo kile kile katika kijiji cha pili cha watu 1,000, ambamo wenye virusi ni 50 tu. Kitawakamata 48 kwa haki. Katika wale 950 waliobaki, kitawasingizia 95. Jumla ya majibu chanya ni 143, na ya kweli ni 48 tu. Karibu wawili katika kila watatu walioambiwa "unao" hawana! Kipimo hakikubadilika, wala mpimaji hakubadilika. Kilichobadilika ni watu waliopimwa. Kwa hiyo hapana awezaye kukuambia maana ya jibu lako bila ya kujua kwanza ulikuwa nani kabla ya kupimwa.

Ndiyo sababu, msomaji, kikosi cha wataalamu wanaoishauri Marekani juu ya vipimo vya kinga kilisema mwaka 2023, kama kilivyokuwa kimesema mwaka 2016, kwamba watu wasio na dalili wasipimwe malengelenge ya sehemu za siri kwa damu kama desturi, hata wakiwa waja wazito. Siyo kwamba ugonjwa huu ni mchezo. Huongeza hatari ya kuambukizwa virusi vya UKIMWI, na kwa nadra mama huweza kumwambukiza mtoto wakati wa kuzaa. Lakini palipo na kidonda, mganga huweza kuchukua majimaji yake na kuvitafuta virusi vyenyewe, na jibu hilo lina nguvu kuliko nyayo zilizo katika damu. Dawa nazo ziko: haziving'oi virusi, ila hupunguza malengelenge na hatari ya kumwambukiza mwingine.

Baada ya kuyasikia hayo nilitaka kufurahi mno. Sista akanizuia. "Usikimbie kutoka shimo moja ukaingia jingine," akasema. "Sikukuambia huna. Nimekuambia hatujui." Naye alisema kweli. Mimi sikuwa wa kijiji cha kwanza wala cha pili. Nambari yangu ilikuwa ndogo, na hiyo ilinivuta upande wa matumaini. Lakini mimi ni mwanamke wa nchi ambayo wengi wana virusi hivi, nami nilipata kuwa na mchumba kabla ya huyu, na hayo yalinivuta upande wa pili. Mtu mwaminifu huhesabu uzito wa pande zote mbili, hata kama upande mmoja unampendeza.

Jioni ile ile nilimwita mchumba wangu. Tuliketi katika kibanda cha chai kilicho karibu na Chuo Kikuu cha Kenyatta, wanafunzi wakipita na mizigo yao ya vitabu. Nikaweka karatasi mezani.

"Majibu yalitoka Jumanne," nikasema. "Nilikudanganya."

Aliisoma polepole, kama asomavyo ramani ya nyaya za umeme. Nikamweleza yote niliyoelezwa, pamoja na ile hesabu ya vijiji viwili. Hakunikatiza. Chai yake ilipoa ikafanya utando juu.

"Mwalimu," akasema mwishoni, "hii 1.6 nitajifunza kuielewa. Inayonisumbua ni ile Jumanne."

Sikuwa na jibu. Kipimo cha damu kilikuwa na udhuru wake, kwa kuwa kilifanya kadiri ya kilivyoumbwa. Mimi sikuwa na udhuru. Alinisindikiza mpaka mlangoni, lakini hakuingia. Baada ya juma moja alikuja akasema kwamba angependa arusi isogezwe kutoka mwezi wa Aprili hadi mwezi wa Agosti. Nilikubali, kwa sababu lilikuwa ombi la haki. Tuliwaambia wazee kwamba tunahitaji muda zaidi wa kujiandaa, na neno hilo lilikuwa kweli kuliko walivyodhani.

Kipimo cha uthibitisho ambacho wataalamu wengi hukitegemea hufanywa katika Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle. Kupeleka damu huko kulikuwa juu ya uwezo wetu, maana mahari na vyombo vya nyumba vilikuwa vikingoja fedha zile zile. Tukafanya lililowezekana. Baada ya majuma kumi na mawili nilipimwa tena katika maabara nyingine. Safari hii tulikwenda wawili kuchukua jibu, tukalifungua pamoja. Lilikuwa 1.0. Mbele yake paliandikwa "shaka".

Mchumba wangu akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka tangu ile jioni ya chai. Nami nikacheka, mpaka watu waliokuwa wakingoja wakatutazama.

Tuliipeleka karatasi ya pili kwa Sista. Alisema kwamba maambukizo yangekuwa mapya, angetazamia nambari ipande. Kwa kuwa haikupanda bali ilikaribia mstari, na kwa kuwa maabara ni mbili tofauti, yeye mwenyewe huelekea kuamini kwamba sina. "Lakini usiniapishe," akaongeza. Sikumwapisha.

Tulioana mwezi wa Agosti 2024. Tuliafikiana mambo machache, ambayo ni mepesi kuyasema na yana manufaa. Malengelenge yakipata kutokea kwa mmoja wetu, tutakwenda kwa mganga siku ile ile, yachukuliwe na kupimwa kabla hayajakauka. Mungu akitujalia mtoto, mkunga ataambiwa habari ya karatasi zote mbili. Na jibu lolote litakalotoka mahali popote, litafunguliwa na watu wawili. Mpaka leo sijaona kidonda. Sijui kama nina virusi vile au sina, nami nimezoea kulala usingizi mzuri pamoja na neno hilo "sijui", kama mkulima alalavyo bila ya kujua kama mvua itanyesha.

Basi, msomaji kijana, haya ndiyo niliyotaka kukuachia. Kabla ya kutoa damu yako, uliza kipimo hiki kinatafuta nini, na nitafanya nini kwa jibu lake. Ukiisha kupewa jibu, uliza mstari uko wapi, na nambari yangu iko mbali nao au karibu. Kisha uliza jibu hili lathibitishwa kwa njia gani. Maswali haya hayahitaji shahada ya udaktari. Mtoto wa shule aweza kuyauliza, na mganga mwema hatakasirika kuulizwa. Usimhukumu mtu kwa karatasi, hata mtu huyo akiwa ni wewe mwenyewe. Karatasi haiwezi kusema nani aliyekuambukiza, wala lini, wala kama wewe ni mwema au mbaya. Na akikujia rafiki mwenye jibu lililo yakini, si la shaka kama langu, usimkimbie. Ana kile walicho nacho mamilioni ya watu, nao hufanya kazi, huoa, huolewa, na kulea watoto wao.

Lakini zaidi ya yote, usiufiche wasiwasi wako kwa yule ambaye una wajibu wa kumwambia. Shaka ikigawanywa na watu wawili hupungua uzito. Uongo ukifichwa na mtu mmoja huzidi. Miezi minne ya kungoja niliyoipata sikuletewa na 1.6. Nililetewa na maneno matatu niliyoyasema kwenye simu: "Hayajawa tayari bado."

Ama yule mvulana wa alama 49, siku ya Ijumaa nilimwita nikamwambia kwamba nilikosea, na kwamba alama zake ni 52. Aliniuliza kama walimu nao hukosea. Nikamwambia ndiyo, hasa karibu na mstari. Akaitikia kwa kichwa, akakimbia uwanjani kucheza.